Taa ya Sebuleni Kabla Mama Mkwe Hajafika

Jumatatu, 9 Juni

Nimeongopa tena. Na safari hii nimemwongopea mama mkwe, kwenye simu, mke wangu akiwa amesimama pembeni anasikia kila neno.

Mama mkwe anakuja Jumamosi. Mara ya mwisho alipokuja, taa ya sebuleni ilizimika akiwa anakunywa chai, akajimwagia mapajani. Ndiyo tabia ya taa hiyo. Kila jioni, taarifa ya habari ikiisha tu, inazimika. Vyumba vingine vinawaka kama kawaida. Asubuhi nayo inawaka, haina hata haya! Leo akauliza kama ile taa bado ina kiburi. Nikajibu nimeshanunua mpya, yenye vikombe vitatu vya kioo, na nitaifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Akasema kumbe binti yake ameolewa na mwanamume. Tangu nioe katika ukoo ule sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo.

Taa kweli nimenunua. Kuifunga ndiyo shughuli. Mimi umeme nauogopa. Hata pasi huwa nasubiri mke wangu apite aichomoe.

Mke wangu akashauri tumwite kaka yake, fundi umeme. Thubutu! Shemeji huyo akiingia humu hutazama dari kwanza, ndipo asalimie. Akinifungia taa atausimulia ukoo mzima mpaka nizeeke. Nikakataa katakata. Mke wangu akasema haya, ila yeye hayuko tayari kuwa mjane kwa ajili ya vikombe vitatu.

Jumanne, 10 Juni

Leo nimepanda.

Nilivaa kandambili, glavu za kuoshea vyombo, na kofia ya pikipiki niliyoazima kwa jirani. Nikazima swichi ya ukutani. Kisha nikaiendea swichi kuu, ambayo sijawahi kuigusa tangu nirithi nyumba hii kwa marehemu baba. Niliizima kwa mpini wa ufagio, macho nimefumba. Friji likanyamaza. Safi. Nyumba nzima haina umeme.

Nikapanda juu ya meza, nikafungua kifuniko cha darini. Mama yangu! Waya zimevikwa kitambaa kama maiti. Zote rangi moja, ya masizi, na kitambaa kinapukutika ukikipulizia. Nikagusisha testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa umeme.

Ikawaka!

Nikaifuta kwa shati. Nikagusisha tena. Ikawaka tena. Umeme nimezima kwa mkono wangu, na testa inawaka!

Nilishukaje, sikumbuki. Mke wangu akauliza imekuwaje. Nikamwambia leo nilikuwa napima tu.

Jumatano, 11 Juni

Nimenunua testa nyingine. Nayo inawaka.

Basi nimeelewa. Ni baba. Marehemu alikuwa hapendi vitu vyake viguswe. Na enzi zake, habari ikiisha tu, alikuwa anazima taa ya sebuleni na kutuamuru tukalale. Saa ileile! Nilipolikumbuka hilo nywele zilinisimama. Nilikuwa peke yangu sebuleni. Nikahamia jikoni.

Baadaye nikajikaza, nikarudi, nikamwomba baba ruhusa kwa sauti. Mke wangu akatokea, akauliza naongea na nani. Nikasema na dari. Akaondoka kwenda kutafuta simu yake. Nilikuwa nimeshaificha chini ya mto, maana nilijua angempigia kaka yake. Ikaita hapohapo. Ni mama yake, anauliza vikombe vitatu vinaendeleaje.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa baba mdogo. Sikuwa na ujanja.

Tunaishi nyumba moja, ila si moja. Baba na mdogo wake walipogombana walijenga ukuta katikati, kila mtu akawa na mlango wake na mita yake ya umeme. Na sisi wawili tumenuniana tangu nilipolalamikia redio yake, ambayo hupenya ukutani utadhani ameiweka kichwani kwangu. Lakini hofu ni kitu kingine. Jioni nikabisha hodi, nikaukalia mkeka kwa adabu, nikamuuliza kama marehemu anaweza kuwa ananikasirikia.

Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. Akasema marehemu hakuwa mtu wa kununa kimyakimya, angekuwa amekasirika mtaa mzima ungejua. Mara habari ikaisha. Akainuka, akaenda kwenye swichi yake kuu, akaizima. Akaniambia hufanya hivyo kila siku. Waya hizi za zamani haziaminiki, hawezi kulala huku umeme unatembea kichwani pake.

Nikatoa kichwa dirishani, nikatazama upande wangu. Sebule yangu giza! Jikoni kwangu kunawaka, chumbani kunawaka, sebule giza. Nikamwomba awashe. Sebule ikawaka. Azime. Giza.

Tukatazamana. Akasema polepole kwamba ukuta waliujenga, ila waya hawakuzikata.

Nikarudi kukaa mkekani. Juzi nilikuwa nimesimama juu ya meza, kidole kiko jirani kabisa na umeme wa baba mdogo, na najiona salama kwa kuwa friji limenyamaza.

Mke wangu alipata wazo rahisi. Taa ya zamani ni nzima, iachwe hapohapo, baba mdogo aombwe tu asizime Jumamosi. Wazo zuri sana. Lakini nimeshaahidi vikombe vitatu! Kesho baba mdogo atazima upande wake, mimi nitazima wangu, kazi itakwisha.

Ijumaa, 13 Juni

Baba mdogo alizima. Akaapa amezima. Nami nikazima. Testa haikuwaka. Raha iliyoje!

Nikaishusha taa ya zamani. Nikaning'iniza ile mpya kwenye skrubu moja. Nikashika waya mbili, moja kila mkono, nizisokote. Hapo ndipo niliposikia, kutoka ng'ambo ya ukuta, sauti ya mtangazaji. Nzito, safi. Habari za mchana.

Redio! Umeme umerudi, na mimi nimeshika waya!

Niliwaza mambo mengi kwa mara moja. Mke wangu. Kaburi. Shemeji akiwasimulia waombolezaji. Nikapiga yowe na kujirusha. Nikaangukia kiti alichoandaliwa mama mkwe, kikavunjika mguu.

Baba mdogo akaja mbio, redio kwapani, mtangazaji bado anaongea.

Ni ya betri.

Sikucheka. Mke wangu alikuwa mlangoni, mikono kichwani, analia kwa sauti. Sijamwona akilia hivyo tangu tuoane. Niliona aibu kweli. Akachukua simu, akampigia kaka yake mbele yangu. Sikupinga.

Shemeji alikuja na mkoba wake. Akatazama dari, kisha akanitazama mimi, kisha akauliza kofia ya pikipiki ilikuwa ya nini. Akang'oa waya zote za kitambaa, akapitisha mpya, akaziunga upande wangu, akafunga vikombe vitatu huku anapiga mluzi. Alipomaliza mluzi ukakoma. Akaniambia kwamba ningeigusa ile waya Jumanne, leo wangekuwa wameshanizika. Akaniapisha kutogusa waya yoyote tena maishani. Nimeapa. Na safari hii nimeapa kwa moyo wote.

Jumamosi, 14 Juni

Mama mkwe amefika. Kiti nilikipaka gundi. Kila alipojigeuza, roho iliniruka.

Tulikula, habari ikaanza, habari ikaisha. Wote tukatazama juu. Vikombe vitatu, vyote vinawaka! Mama mkwe akauliza nani ameifunga. Shemeji, aliyekuja kula nasi, alikuwa na tonge mdomoni. Nikajikuta nasema ni mimi.

Mke wangu akapaliwa. Mama mkwe akanisifu sana. Akasema mwanawe mwenyewe, fundi mzima, anamzungusha kila siku kuhusu taa ya ukumbini kwake. Na nyumba yake nayo ni ya zamani kuliko hii. Waliigawa zamani na dada yake kwa ukuta, na waya hazijaguswa tangu siku hiyo. Akauliza kama ningeweza kumsaidia.

Jasho lilinitoka mpaka visiginoni. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Shemeji akameza tonge taratibu, akanawa, akamwambia mama yake kwa upole mno kwamba kazi hiyo aniachie mimi, kwa kuwa ndiye fundi wa familia sasa.

Mama mkwe alinitazama kwa macho ya upendo. Nikasema Jumatano nina nafasi.

Jumapili, 15 Juni

Sijalala. Mke wangu hanisemeshi.

Lakini nimetulia, nimefikiri, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Maandalizi yako tayari. Glavu ninazo. Kofia ya pikipiki sijairudisha. Na asubuhi, wakati namsindikiza mama mkwe, nimemsihi jambo moja tu: siku hiyo asiwepo mtu yeyote mwenye redio.