Kofi Lililochelewa

Jumatatu, 4 Machi

Daktari amesema moyo wangu haufuati mapigo, niweke mambo yangu sawa. Nimemjibu kwamba kutofuata mapigo ndiko kulikonilisha maisha yote. Hakucheka.

Basi niungame, kwanza kwa karatasi. Miaka arobaini maprodyuza wa hip-hop wamenisifu kwa kofi moja, ule mlio wa kiganja kwenye mdundo. Katika wimbo wetu uliovuma, besi ni yangu. Nilizungusha mwenyewe vifundo vya sintesaiza, kinanda cha umeme, hadi ikanguruma. Lakini lile kofi la mashine ya ngoma, linalochelewa kidogo kama mgeni anayejua hawataanza kula bila yeye, si langu. Ni la mdogo wangu wa kike, mpiga kinanda wa kwaya. Alikuwa akinisubiri studio, mimi nimetoka kutafuta waya, akaanza kuchezea vitufe. Niliporudi nikasikia, nikahifadhi, nikanyamaza. Walioniuliza niliwaambia nilipiga hesabu.

Nitasema ukweli. Baada ya Jumamosi. Jumamosi mjukuu wangu, naye prodyuza, anazindua santuri yake. Ametangaza kwamba babu atalipiga kofi lile kwa vidole vyake mbele ya ukumbi mzima, kisha jina la babu lichapwe kwenye jalada. Siwezi kumwaibisha mtoto.

Jumanne, 5 Machi

Nimejaribu mara arobaini. Kofi linawahi, au linachelewa kama barua. Muuguzi anayekuja kunipima presha ameuliza mbona mgeni anabisha hodi na hatumfungulii.

Mpango: mdundo wenyewe bado umo kwenye kumbukumbu ya mashine. Nitaichezesha, nipapase vitufe juujuu, nikunje uso kisanii. Nani atajua?

Jumatano, 6 Machi

Mashine imeonyesha kwamba betri yake ni dhaifu. Mtu makini hangoji kuumbuka ukumbini. Nimeifungua kwa bisibisi, nimechomoa betri, kiduara kama kifungo cha koti, nimetia mpya. Nimejipongeza kwa chai.

Chai ilipofika nusu nikakumbuka kwamba betri ile ndiyo iliyoshikilia kumbukumbu. Miaka yote nimewafokea wanafunzi: hifadhi kwenye kaseti kwanza, ndipo uguse betri. Nimewasha. Tupu, kama sahani iliyolambwa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia simu mdogo wangu. Nimemwambia nimemkumbuka tu. Ameuliza, kaka, unataka nini.

Amekuja na mkoba wake wa nyuzi za kufuma. Nimemwomba achezee mashine, tujikumbushe ujana. Nilikuwa nimeshaiwasha irekodi. Akapiga. Kofi likatua mahali pake sawasawa, kama askari wa gwaride. Nikamwambia achelewe. Akasema hajui kuchelewa, kwaya imemnyoosha. Siku ile alichelewa kwa sababu kidole kilikuwa na bandeji nene kama muhogo, na aliyemfungia mlango wa gari kidoleni ni mimi, tukaja studio moja kwa moja kutoka zahanati, au nimesahau?

Nilikuwa nimesahau. Kabisa.

Kisha akauliza, huku anafuma, kama bado nawaambia watu nilipiga hesabu. Kumbe anajua. Amejua miaka yote. Alikuwa ananisubiri, amesema, maana mimi ndiye mwenye desturi ya kuchelewa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimejifunga bandeji. Hakuna kitu. Kidole changu hakina kipaji hata kikiumwa.

Nimemwomba mdogo wangu apige akiwa nyuma ya pazia, mimi niwe mbele. Amejibu kwamba atakaa jukwaani au atakaa kwake, nichague, na nichague upesi kwa sababu ana mazoezi ya kwaya.

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbi ulijaa, mdogo wangu keshakaa jukwaani kando ya mashine. Mjukuu alinishika mkono kunipandisha jukwaani, akanong'ona, babu, nimekua kwa kofi hili. Nikashika maikrofoni, nikasema: si langu, ni la huyu bibi yako, nililichukua nikanyamaza.

Mjukuu alinitazama, nikajua kilichokuwa kinanichosha moyo si presha.

Mdogo wangu akajifunga bandeji, akapiga. Likaja. Lile lile, linaburuta miguu. Watu walisimama. Mjukuu alilia, akamkumbatia bibi yake, kisha akarudi akanikumbatia na mimi. Akasema umechelewa sana, babu, lakini umefika.

Jumapili, 10 Machi

Moyo mwepesi. Muuguzi amesema hata presha imeshuka. Niko tayari kuondoka duniani nikiwa sina deni na mtu.

Mjukuu amekuja na jalada tulione kabla halijachapwa. Besi, babu. Kofi, bibi. Haki imetendeka. Nimemwomba tu aongeze mstari mmoja, chini kabisa, kwa herufi ndogo: Mlango, babu.

Ameuliza kama natania. Nimemweleza kwamba mlango ule wa gari sikuufunga ovyo. Nilipiga hesabu.