Tope la Mlimani Limegoma Kazi

Njombe, huku milimani

Ndugu Afisa Maji, Makambako,

Natumaini u mzima na mabomba yako yanatoa maji. Sisi hatujambo, isipokuwa tope.

Nalishtaki tope jeusi lililo juu ya shamba langu, lile bonde la majani yaliyooza tangu enzi za mababu. Ukilikanyaga linatikisika kama godoro. Makosa yake:

1. Uchoyo. Masika yote linakunywa mvua kimyakimya, halafu kiangazi linatupimia maji kijitoni kidogo kidogo kama dawa ya kifua. Mimi nalima kabichi za kuuza huko kwenu, nilitaka maji yangu kwa mkupuo. Nikachimba mfereji katikati yake.

2. Kisasi. Mvua kubwa ilipokuja, tope halikushika kitu. Maji yaliteremka yote kwa pamoja, yakazoa kabichi, yakazoa na kuta za choo chetu cha mabanzi. Ndani alikuwamo baba mkwe wangu, Mzee Sila, aliyekuja kututembelea. Kuta zilikwenda, yeye akabaki amechuchumaa, na kwaya ya akina mama inapita kwenda kanisani. Wakamwamkia kwa heshima, "Kamwene, baba!" Akaitikia, angefanyaje? Kisha akaniambia, "Brayson, kwako hakuna siri," akaondoka bila kunywa chai.

3. Utoro. Kiangazi kilipofika, tope likapasuka nyufa na kijito kikakauka kabisa. Mke wangu Anneth akachukua ndoo yake, akasema, "Mto ukirudi, nami nitarudi," akaenda kwa baba yake. Sasa najipikia ugali mwenyewe. Hata mbwa ameukataa.

Kwa hiyo naomba uliandikie tope barua kali, lirudi kazini mara moja. Likikaidi, lihamishiwe wilaya nyingine, tuletewe lenye nidhamu.

Wasalimie wote ofisini, na wachuuzi wa sokoni waambie sijafa.

Wako katika ukavu,
Brayson Mgaya

Nyongeza: Barua hii ilikaa sana mfukoni ikisubiri mtu wa kuipeleka. Anneth alikuja na kaka zake wakauziba mfereji wangu. Mvua zimenyesha, tope limelowa, kijito kinatiririka taratibu, na yeye yuko jikoni. Futa mashtaka yote. Barua kali bado naihitaji, ila mwandikie jirani yangu Edward. Ameonekana na jembe kule juu, eti anataka maji yake kwa mkupuo. Mwambie aliache tope letu. Lile ni mtu wa watu.