Vienna kwa Jina la Shemeji

Jumapili, 2 Novemba. Ibra.

Nimeipata. Ulaya, vituo viwili, malazi bure.

Tangu nistaafu nimemuahidi mke wangu, Shukriya, kumpeleka Ulaya. Kila mwaka tunaishia Salalah, hapahapa Oman. Mwaka huu hata Salalah hatukufika, gari ilitufia njiani, Haima. Tukingoja gari ya kutuvuta, kaka yake, Mahrous, alikuwa Uswisi anatutumia picha amekumbatia ng'ombe. Mahrous anakaa Sur, anauza viyoyozi. Kila akija kwetu huleta chokoleti ya Uswisi. Kibandiko cha bei ni cha duka la Maskati.

Leo nimegundua tovuti ya kubadilishana nyumba. Wao wanakaa kwako, wewe unakaa kwao, hakuna kodi. Wapo mume na mke, Gerhard na Ilse, Waaustria. Wana fleti Vienna na kijumba cha mbao kando ya ziwa, upande wa Salzburg. Tunatembea mjini mpaka tuchoke, tunapanda treni, tunapumzika ziwani. Wao wanataka nyumba mbili Oman: moja ya kawaida penye familia, moja ya mlimani.

Ya kawaida ninayo. Nyumba yangu ya Ibra ni ya kawaida mpaka basi.

Ya mlimani sina. Anayo Mahrous.

Jumanne, 4 Novemba. Ibra.

Nyumba ya Mahrous iko Misfat al Abriyeen, juu huko kupita Nizwa. Mawe na udongo, mitende, maji ya falaji, mfereji wa mji, yanapita chini ya dirisha. Ilikuwa ya kina Tahani, mkewe. Mahrous akaikarabati, akafunga viyoyozi, kisha akaacha kwenda. Anasema ngazi nyingi. Ufunguo wa akiba anao mama yao, Bi Fawziya, mkwe wangu, anayekaa nasi. Unaning'inia jikoni, kando ya kifumbu cha kukamulia tui.

Sasa hauning'inii. Siuibi. Nauzungusha.

Picha ninazo, za Idi tuliyokula hukohuko. Nimemkata Mahrous katika zote. Mkono wake umebaki katika moja. Nimeandika ni wa mtunza bustani.

Tovuti ikataka ushahidi kuwa nyumba ni yangu. Hapo nilikwama kidogo. Kisha nikakumbuka bili ya umeme iliyoachwa mezani siku ya Idi. Nilikuwa nayo katika picha ya biriani, ukiikuza inasomeka vizuri. Jina: Mahrous. Basi kwa Waaustria mimi ni Mahrous. Jina tu, nani ataumia.

Wamekubali! Wanakuja wao kwanza, mwezi huuhuu. Sisi tutakwenda kwao baada ya Ramadhani.

Shukriya nimemwambia tumepata pa kukaa kwa rafiki. Akauliza rafiki gani. Nikasema wa mtandaoni. Akanitazama muda mrefu, akaendelea kuchambua mchele.

Baada ya alasiri nilipita chumbani. Ameazima koti la baridi la mpwa wetu Khulood. Amewasha kiyoyozi mpaka mwisho, amesimama mbele ya kioo, amelifunga vifungo vyote. Hakuniona. Nimerudi kinyumenyume.

Sasa lazima tufike.

Jumamosi, 15 Novemba. Misfat.

Wageni wamefika. Gerhard ni mrefu kama nguzo ya umeme, ana goti bovu. Ilse anacheka na kila kitu, hata na mbuzi wa njiani Izki. Kwenye kituo cha petroli Nizwa Gerhard aliita "Mahrous!" nami nikaendelea kunywa chai, nikimhurumia huyo Mahrous asiyesikia. Nimemwambia sikio la kushoto lina maji.

Ngazi. Nilisahau kuzitaja. Sanduku lao limegonga mlango wa zamani, limeng'oa kitasa. Rimoti za viyoyozi ziko Sur. Gerhard akasema ni afadhali, akafungua dirisha, akasikiliza maji, akasema hapa atakaa mpaka afe. Nilimwambia mpaka Jumatano inatosha.

Jirani, Bi Yaqeen, ana nyumba ya wageni mlango wa pili. Akauliza Tahani yuko wapi. Nikasema anakuja nyuma. Akauliza hawa wanalipa? Nikasema ni jamaa. Akatazama kichwa cha Gerhard, cheupe, kinagusa dari. Akasema, "Aa, mnafanana."

Jumatatu, 17 Novemba. Misfat, kisha Ibra.

Asubuhi nilikuwa kwangu Ibra nikinywa chai kwa amani. Simu. Bi Yaqeen. Anasema jamaa yangu amekaa ndani ya falaji, pale juu watu wanapoteka maji ya kunywa, amevaa chupi ya saizi ya leso. Wazee wa mji wanataka kuonana na mimi. Hawakusema Harub, jina langu. Walisema mwenye nyumba.

Nimepita Mudhaibi kwa mwendo ambao sitauandika. Nilipofika, Gerhard ameshavishwa kikoi na mzee mmoja, wanakula tende pamoja, na yeye anaomba radhi kwa kila anayepita, hata punda. Wazee wamenielewesha kwa adabu. Adabu yenyewe imeniuma kuliko matusi.

Nikaona bora niwahamishie Ibra mapema. Gerhard akashukuru. Goti limekataa ngazi tangu jana, alikuwa anaona haya kusema. Kabla hatujaondoka alianika ile chupi juu ya paa, akaitandaza vizuri, akasimama kando yake akitazama mitende. Nilimwona Bi Yaqeen ameshika simu. Nikadhani anapiga picha ya milima.

Jumanne, 18 Novemba. Ibra.

Kazi ngumu leo haikuwa wageni. Ilikuwa jina.

Nilimwamkia Bi Fawziya kama kawaida, shikamoo mama, nikamwambia hawa ni wale rafiki zangu. Akawakaribisha kwa Kiswahili cha Unguja, kirefu, na mikono. Wakamjibu Kijerumani. Walielewana palepale. Ilse akaingia jikoni, na mpaka adhuhuri alikuwa anakaanga bajia na unga mpaka kwenye nyusi.

Kisha Gerhard akaita kutoka ukumbini, "Mahrous, maji tafadhali."

Bi Fawziya akaweka kisu chini. Akaniuliza, "Mbona huyu mzungu anakwita jina la mwanangu?"

Nikamwambia kwa Kijerumani "mahrous" maana yake bwana mwenye nyumba. Heshima tu.

Akasema, "Kumbe. Lugha nzuri." Akaendelea kukata vitunguu.

Nilijisifu moyoni karibu saa nzima. Kufika maghribi yeye mwenyewe ameanza kumwita Gerhard hivyohivyo. Mahrous, njoo ule. Mahrous, ongeza mchuzi. Gerhard akanitazama. Nikamnong'oneza kwa Kiingereza kuwa mama ni mzee, anachanganya mambo. Bi Fawziya akapeleka mkono kwenye sahani ya samaki, akakichukua kile kipande changu cha kichwa, akampa Gerhard.

Usiku huu nimekumbuka jambo. Bi Fawziya alisoma skuli mjini Unguja. Kiingereza chake ni bora kuliko changu.

Alhamisi, 20 Novemba. Ibra.

Sikukuu ya Taifa. Ofisi zimefungwa, maduka ya viyoyozi pia. Hilo sikulifikiria.

Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, wali umeshapakuliwa. Gari ikasimama nje. Mahrous ameingia na nguru mzima kutoka Sur, amemshika mkiani kama mtoto mtukutu. Tahani nyuma yake, simu mkononi.

"Karibu Mahrous," akasema Bi Fawziya.

Tuligeuka watatu.

Tahani akaweka simu katikati ya mkeka. Picha aliyoituma Bi Yaqeen. Paa, mitende, Gerhard, chupi. Mahrous akamtazama Gerhard, akatazama picha, akamtazama Gerhard tena. Gerhard akajitambua. Akasema imetoka vizuri sana, akaomba atumiwe.

Nikamwambia Gerhard haraka kuwa huyu ni binamu yangu, tumepewa jina moja, ni desturi yetu huku.

Bi Fawziya akameza tonge. Kisha kwa Kiingereza safi, polepole, kama anasoma darasani, akawaambia wageni: huyu ni Harub, mkwe wangu. Yule ni Mahrous, mwanangu. Nyumba ya mlimani ni ya yule. Hii mliyomo ni ya huyu, na chakula mnachokula ni changu na cha Shukriya. Akageukia Kiswahili. "Haya kuleni, wali unapoa."

Nilimtazama Shukriya. Alikuwa anatoa miiba ya samaki kwenye sahani ya Ilse, mmoja mmoja, na masikio yake yamekuwa mekundu.

Mahrous hakupiga kelele. Ingekuwa bora. Alikaa, akala, akamuuliza Gerhard fleti iko mtaa gani. Ina lifti? Kutoka stesheni mpaka ziwani ni mbali? Sauti ile naijua. Ndiyo anayoitumia akinunua kiyoyozi cha mtu aliyefilisika.

Ijumaa, 21 Novemba. Ibra.

Kikao baada ya sala. Gerhard alikuwa ameumia. Alisema kwao jina la mtu si mchezo, na kwamba wiki nzima amekuwa akimsifia Mahrous kwa rafiki zake, sasa hajui amemsifia nani. Ilse akasema yeye alikuja kukaribishwa na amekaribishwa, basi mlango wao uko wazi kwa waliowakaribisha. Nyumba ya mlimani ni ya Mahrous, aje. Hapa Ibra walilishwa na Bi Fawziya na Shukriya, waje. Vienna, kisha ziwani.

Nikakohoa.

Mahrous akasema, kuna kitasa cha mlango Misfat kinataka fundi. Na miti inataka mtu wa kuimwagilia wakati yeye hayupo. Tahani akasema yeye haendi kokote, ndege zinamtisha, lakini funguo yuko tayari kunikabidhi rasmi. "Safari hii kwa mkono," akasema.

Nilingoja Shukriya aseme hatokwenda bila mimi. Alinikuta uani nikijifanya natengeneza bomba.

"Hukuniuliza hata mara moja," alisema. "Mimi sikutaka ya bure, Harub. Ningekaa siku mbili tu, chumba kidogo, dirisha linatazama ukuta. Lakini kimeandikwa jina lako na langu."

Nikamwambia nilitaka afike. Nikamwambia nilimwona na lile koti. Akanigeuzia mgongo. Nilidhani analia, kumbe anajizuia kucheka, kisha ikawa kweli analia. Nimemwambia aende. Nilikusudia kwa dhati, na vilevile nilitegemea akatae kidogo.

Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Jumapili, 12 Aprili. Misfat.

Namwagilia. Kitasa nimekitengeneza mara tatu. Kinafungua kutoka nje tu.

Shukriya anapiga kila siku. Bi Fawziya amekataa kupanda gurudumu lile kubwa la Vienna linalozungusha watu angani, akakaa chini kwenye benchi na kizee wa Kituruki, wakabadilishana namba za simu. Jana wamehamia ziwani. Mahrous ameanguka majini akijipiga picha. Nilimwomba Shukriya asimulie tena, na tena. Akasimulia. Kisha nikasikia maji yanagonga mbao kule kwake. Akasema pazuri, Harub, lakini kila nikigeuka kukuonyesha kitu, wewe hupo.

Hapo nilikaa kwenye ngazi muda mrefu.

Akasema mwakani twende sisi wawili. Italia labda. Roma, halafu mji mdogo wa pwani. Tulipe, tukae, hakuna hila. Nikamwambia wallahi, hakuna hila. Nilisema kweli. Saa nne asubuhi nilikuwa mtu mwingine kabisa.

Saa tano Bi Yaqeen amekuja kubisha. Anakwenda Umra, akirudi atapitia kwa binti yake anayekaa Jalan. Hana wa kumwachia nyumba ya wageni. Amesema mimi angalau nimeshajifunza.

Nimezunguka vyumba vyote. Mandhari ni bora kuliko ya Mahrous, na ngazi ni chache. Nimepiga picha chache tu, za kumbukumbu. Mwanga ulikuwa mzuri. Ingekuwa dhambi kuziacha zilale kwenye simu.

Alasiri wamejibu walimu wawili, mume na mke. Fleti Roma, na nyumba ndogo inayotazama bahari. Wamefurahi mno. Wanauliza waje lini, na wameanza barua yao "Mpendwa Bibi Yaqeen."

Sijaona sababu ya kuwasahihisha.