Kizibo cha Msiba

Jumatatu, 3 Novemba
Salaale! Mzee Wendelin, mkuu wetu wa wapiga tarumbeta, amepuliza leo asubuhi na kilichotoka ni mate matupu. Jino la mwisho la mbele limemng'oka. Mfalme ametangaza kwamba mkuu mpya atateuliwa baada ya karamu ya Mtakatifu Martin, Jumanne ya wiki ijayo. Wenye cheti cha chama cha wapiga tarumbeta tumebaki wawili: mimi na Nagel.

Lazima niwe mimi. Si tamaa. Ni kilemba. Wenzangu wote huvaa kofia. Mimi, kwa kuwa ni mweusi, navishwa kilemba chenye manyoya mawili ya mbuni, ati niwapendeze wageni. Wageni nao huniuliza Afrika ni mbali kiasi gani. Nitajuaje? Nilizaliwa nyuma ya jiko la kasri hili hili, baba yangu akipiga ngoma za shaba ukumbini. Miaka kumi na tisa nyoya linanichoma jichoni! Wanaita heshima. Kilemba cha ukoka, hicho. Lakini mkuu huvaa kofia. Ni sheria ya kasri.

Nagel kaniandama tena zizini. "We Leberecht, manyoya yako yakae mbali na farasi wangu. Akiyaona tu anaruka kama kaona shetani." Nikamwambia farasi ana akili kuliko mwenyewe. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimepata! Nimeazima, bila kuomba, kizibo kutoka sanduku la Mzee Wendelin. Ni kipande cha mbao chenye tundu. Ukikisukuma ndani ya tarumbeta, sauti hutokea puani, kama ya mwenye mafua. Jumanne zamu ya kuita watu mezani ni ya Nagel. Nitakificha ndani kabisa ya tarumbeta yake. Atapuliza, wageni watacheka, kofia itakuwa yangu. Akili ninayo, jamani.

Jumapili, 9 Novemba
Mchungaji amehubiri juu ya mtu achimbaye shimo kisha akatumbukia mwenyewe. Nikamtazama Nagel kwa huruma.

Jumanne, 11 Novemba
Sijui nianzie wapi.

Bata bukini kumi na wawili mezani. Watu wamesimama, maana hakuna akaaye kabla ya tarumbeta. Nagel akapuliza. Sauti ya puani, safi kabisa! Nikasubiri kicheko.

Hakuna aliyecheka. Ee Mungu wangu! Mimi, mpiga tarumbeta mwenye cheti, nilisahau kwamba kizibo kile hutumika kwa jambo moja tu: kutangaza kwamba kasri limefiwa. Na ghorofani yuko Mama Mfalme, hajainuka kitandani tangu Pasaka!

Mfalme akaketi kwa kishindo, uso mweupe kama unga. Mabibi wakavua vidani. Ngoma zikafunikwa kitambaa cheusi. Mchungaji akaanza kusema marehemu alikuwa mtu wa subira. Nilipoona nilichofanya, nikapiga magoti nikalia kilio cha kweli. Mbwa wakawashughulikia bata.

Mara mlango ukafunguka. Mama Mfalme! Kwa miguu yake mwenyewe, na nguo ya kulalia! "Nimekufa mimi, na bata wanaliwa?"



Jumatano, 12 Novemba
Mshtuko juu ya mshtuko. Mfalme amesema ni muujiza: tarumbeta ya Nagel imemwinua mama yake kitandani. Nagel ndiye mkuu! Kavishwa kofia mbele ya macho yangu. Alipoulizwa, akajibu kwamba sauti ile ilimjia tu, kama ufunuo. Mwongo mkubwa! Watu wengine hawana haya hata kidogo.

Nilifungua mdomo niseme kizibo ni changu. Nikakumbuka kwamba anayemzushia kifo mtu wa ukoo wa Mfalme hunyang'anywa cheti. Nikaufunga.

Ijumaa, 14 Novemba
Mama Mfalme ameniita. Akanishika mkono, akasema katika ukumbi mzima ni mimi peke yangu niliyelia machozi. Wengine macho yalikuwa kwa bata. Niliona aibu, kweli niliona. Nikaanza kuuliza, kwa unyenyekevu, kama ningeweza kupewa kofia. Hakusikia. Alikuwa anafungua kasha. "Nimekushonea mwenyewe, mwanangu."

Kilemba kipya. Manyoya manne.

Nikashukuru. Ungefanyaje?

Jumapili, 16 Novemba
Sikusikiliza mahubiri, nilikuwa nafikiri. Alhamisi ni uwindaji. Nagel ataongoza msafara juu ya farasi wake, kofia kichwani, tarumbeta mdomoni. Mimi nitasimama langoni. Farasi yule alishindwa na manyoya mawili, na sasa ninayo manne. Akili ninayo, jamani!

Mama Mfalme naye atatoka, mara ya kwanza tangu apone. Gari lake litakuwa nyuma tu ya farasi wa Nagel. Hilo halina neno.