Ketobeli Ilivyoruka Uwanjani kwa Mama Suzana

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya akina mama kumi na mmoja, tena mchana kweupe.

Mnajua nimerudi Mbinga na cheti changu cha ukufunzi wa mazoezi. Fani yangu ni ketobeli, lile tufe la chuma lenye mpini. (Huku wanaliita jiwe la mzani. Nimeshazoea.) Leo lilikuwa darasa la kwanza. Uwanja ni wa Mama Suzana, mjane mkulima wa kahawa, maana kwa milima yetu hii, sehemu tambarare mtaani ni ya kwake tu. Jana aliniambia, "Njoo ufundishe nikuone. Nikiridhika, uwanja ni wako kila asubuhi. Nisiporidhika, katafute mteremko wako." Kwa hiyo nimeamka roho juu.

Nikaanza vizuri! Filimbi, traksuti mpya, kifua mbele.

"Mgongo unyooke, mama zangu! Nguvu itoke kiunoni, siyo mikononi!"

"Mwalimu, kiuno hiki kimezaa saba," akasema mmoja. "Utakifundisha nini?"

Wakaangua kicheko. Nikasema ngoja niwaonyeshe. Nikachukua ya kilo kumi na sita, nikaanza kuibembeza. Moja! Mbili! Vigelegele! Nikanogewa, nikazidisha kasi. (Sifa zitaniua.)

Ndipo Mama Suzana akatoka ndani.

Sasa, mimi nimelelewa na bibi kule kijijini Ukata. Kwa bibi, mkubwa hasalimiwi na mtu mwenye kitu mkononi. Unaachia ulichoshika, unakunja mikono kifuani, unainama. Mikono yangu haikuniuliza. Ikaachia.

"Shikamoo, mama!"

Ketobeli ikaruka moja kwa moja hadi kwenye kichanja cha kahawa iliyoanikwa. Pwaa! Kichanja chini, kahawa chini, kuku hao barabarani.

"Marahaba," akajibu Mama Suzana, polepole sana.

Nikakimbia kuiokoa kahawa. Nikainama vilevile nilivyotoka kuwakataza wenzangu. Kah! Mgongo ukanishika. Nikabaki pale nimepinda, filimbi inaning'inia, siendi mbele wala nyuma. Mkufunzi mwenye cheti!

Mama Suzana akaja, akaiokota ketobeli kwa mkono mmoja, akaibembeza mara tano, mgongo umenyooka kabisa. Huyu mama amechimba ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo, kwenye miteremko ya Matiri tangu akiwa msichana, mlitegemea nini? Akina mama wakapiga shangwe, na Mama Suzana mwenyewe akaangua kicheko. Na mimi nikacheka mpaka machozi, ingawa kila kicheko kiliuma.

"Uwanja nimekupa," akaniambia. "Tangu mzee wangu afariki sijacheka hivi. Ila kufundisha nitafundisha mimi. Wewe utapuliza filimbi."

Nimekubali palepale, na nimefurahi kweli.

Sasa hivi niko nyumbani nimelala kifudifudi, naandika kwa kidole gumba. Msicheke. Atakayecheka wa kwanza ndiye atakayekuja kunigeuza.