Begi la Djuma Lina Kufuli

Ijumaa, 8 Agosti 1975

Mdogo wangu Djuma amefika kutoka Kambove. Mapema mno. Basi la Lusaka linaondoka Jumatano. Mtu mwenye nia safi angefika Jumanne jioni.

Amekuja na begi la turubai, jipya, lina kufuli. Hapa kwangu Kampemba, Lubumbashi, hata choo hakina kufuli. Nimemuuliza kuna nini ndani. Akasema ni vitu vya ndoa tu. Kisha akacheka. Sikuipenda ile "tu".

Niliandike jambo lenyewe, ili likitokea isisemwe sikuona. Binti yangu Asha anaolewa Lusaka Ijumaa ijayo. Baba ndiye anayemwozesha binti. Baba asipokuwepo, ndugu yake anashika nafasi. Yaani Djuma. Na jioni, tukila bukari, ugali wetu, kaniuliza kama kifua changu kimepona, na kama safari ndefu haitanichosha. Swali la mtu anayepima kaburi.

Nimemweleza bibi yangu, Kulthumu, mama yake Asha. Kasema Djuma ananipenda. Basi wamekwisha kuongea.

Jumamosi, 9 Agosti

Salongo. Kila nyumba itoe mtu wa kufyeka majani barabarani. Djuma kasema nibaki nipumzike, ataenda yeye. Nimemshukuru. Alipokata kona nikachukua mkasi.

Kufuli sikuligusa. Mimi ni fundi cherehani, na begi lolote lina mshono. Nimefumua wa ubavuni, nikaingiza mkono. Vikombe vya chai vimefungwa kwenye gazeti. Kitenge. Halafu kitu laini. Nikavuta.

Kanzu nyeupe. Shingoni imedariziwa kwa hariri, kazi ya mkono. Imeshonwa vizuri kuliko ninavyoshona mimi, na hilo limeniuma zaidi. Mtu habebi kanzu kama hii ili akakae nyuma na wapishi. Nimeinyanyua kwenye mwanga: mabega ni mapana kuliko ya Djuma. Amejishonea ukubwa kabla hajaupata.

Nimeitoa. Mahali pake nimeweka blanketi langu la kupigia pasi, kuukuu, limeungua katikati. Begi nimelishona tena, na hata aliyelishona mwanzo asingejua. Kanzu nimeificha ndani ya sanduku la cherehani, chini ya vitambaa.

Djuma karudi na malengelenge viganjani. Nimempa maji ya baridi. Ni siku nyingi sijampa kitu kwa moyo mweupe vile.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimewaza. Akifungua begi njiani itakuwaje? Bora asisafiri kabisa.

Asubuhi nimemwambia ajanse, ofisi ya mabasi, wameahirisha, basi litaondoka Alhamisi. Hakubisha hata kidogo. Kasema basi ataenda Annexe kumsalimu rafiki yake mwenye mashamba, alale huko, arudi Jumatano jioni. Kaondoka na begi lake begani. Amekubali upesi sana. Nimemfuata kwa macho mpaka mwisho wa barabara, nione kama atageuka. Kageuka. Kanipungia mkono.

Kulthumu kauliza shemeji yake kaenda wapi. Nimesema kutembea.

Jumanne, 12 Agosti

Kufunga mizigo. Kondakta wetu, Chomba, kasema kila mtu begi moja juu ya basi na kifurushi kimoja miguuni. Kulthumu anataka kumpelekea Asha mfuko wa bishimu, maana Lusaka, anasema, viwavi vyao havina ladha. Nimeutoa kwenye valizi yangu. Kaurudisha. Nikautoa. Kaniuliza nani alimzaa Asha. Umebaki.

Pasi ya makaa ilikuwa tayari nilipokumbuka kwamba sina blanketi la kupigia. Nimenyoosha abakosi yangu, koti la sherehe, juu ya meza tupu. Imeungua mgongoni, doa la ukubwa wa sahani. Si kitu. Kwenye ndoa nitaegemea ukuta.

Kulthumu kauliza tena kuhusu Djuma. Nimemwambia atakuja na basi la nyuma. Kasema hakuna basi la nyuma. Nimejifanya nakaza kamba.

Jumatano, 13 Agosti

Tumefika kwenye basi kabla ya jua. Mtu wa kwanza niliyemwona ndani ni Djuma. Kakaa kiti cha dirisha na begi mapajani. Kumbe Chomba naye anakaa Annexe, na jana walikutana kisimani.

Nilitafuta neno. Yeye akanitangulia, akaniita yaya, kaka mkubwa, kama kawaida yake.

"Banakudanganya kule ajanse, yaya. Kama haiko Chomba, ningebakia. Kuya, ikala hapa. Nilikushikia dirisha upate hewa, juu ya kifua chako."

Nikasema bantu ya siku hizi, huwezi kuwaamini. Nikakaa. Kulthumu alikuwa nyuma yetu. Mpaka Kasumbalesa nilihisi macho yake kwenye shingo.

Mpakani tumeteremshwa wote, mizigo chini, fungua. Djuma akatoa ufunguo. Nilisoma kila aya niliyofundishwa utotoni. Yule ofisa akapapasa juu, akagusa vikombe, akasema funga. Djuma akanishika mkono na kunipandisha kwenye basi kama mzee wake. Wakati huo wote nilimwangalia usoni. Hakuna alichoonyesha. Huyu mtu ni hodari.

Ijumaa, 15 Agosti

Asha ameolewa. Niandike yalivyokuwa.

Wanaume tulikaa sebuleni kwa baba wa bwana harusi, mikeka imetandikwa, shehe amefika. Mimi ukutani na abakosi yangu, mgongo hausogei. Djuma akasimama. Nikasema moyoni, ndiyo hii sasa. Akaweka begi katikati ya mkeka, akafungua kufuli, akawaambia wenyeji waniangalie mimi.

"Huyu yaya yangu anashoneaka bantu bote. Bibi-harusi, bapadri, hata bazungu ya mugodi. Yeye mwenyewe hajavaa nguo yenye mwingine amemushonea. Leo iko ndoa ya mutoto yake. Nilimutafutia fundi kule Likasi."

Akaingiza mikono yote miwili, kwa heshima, akatoa blanketi.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Djuma alilishika lile blanketi, akaangalia alama ya pasi, akaligeuza, akarudia kutafuta ndani ya begi mpaka chini. Kasema ameibiwa njiani. Kaniomba msamaha mbele ya watu wote, yeye mimi. Shehe akasema Mungu atawalipa waliofanya hivyo. Watu wakaitika amina. Nikaitika na mimi, kwa sauti ndogo.

Nilitaka kusimama. Nadhani nilitaka kusema. Lakini nilipoinuka wakaona doa mgongoni, na baba wa bwana harusi akanihurumia, akaniletea kanzu yake. Ni mtu mfupi. Ilinifika chini kidogo ya magoti. Ndivyo nilivyomwozesha mwanangu, miguu nje kama mvuvi wa mtoni. Sauti ilinikatika nilipotaja jina lake, wakadhani ni furaha. Ilikuwa furaha pia.

Asha aliponiona akauma mdomo asicheke, kisha akalia, akanishika miguu. Djuma alipotoka nalo nje, Kulthumu alilitambua blanketi mara moja. Kaniambia jambo moja tu: nikifika nyumbani niipeleke ile kanzu Kambove kwa mikono yangu, na niseme.

Nitaona. Lakini niulize: kama Djuma asingeweka kufuli, haya yangetokea? Mtu mwenye zawadi huisema.

Jumanne, 19 Agosti

Safari ya kurudi. Kulthumu na Djuma walitangulia kituoni na mizigo mikubwa. Mimi nilisindikizwa na mkwe wangu, Amisi. Kijana mpole sana. Mno. Ananiita baba kila sentensi, na alishikilia kubeba valizi yangu. Nimemuuliza anataka nini ndani yake. Kasema hakuna, baba, ni nzito tu. Nimeibeba mwenyewe.

Kituoni kulikuwa na mabasi mawili. Mimi nikaelekea lililo karibu. Amisi akanikimbilia, akasema si hili, baba, lenu liko upande wa pili. Kwa nini anihangaikie hivyo? Nimepanda hili. Nikamwona amesimama chini, mikono kichwani. Dirishani mwa basi la pili Kulthumu na Djuma walikuwa wananipungia mikono kwa nguvu, hata tulipokwisha kuondoka. Sikujua wananipenda kiasi hicho.

Sasa ni mchana. Jirani yangu kwenye kiti anasema tunakwenda Livingstone, kusini, na kwamba Lubumbashi iko nyuma yetu. Nimemuuliza mama wa mbele. Naye kasema Livingstone. Kondakta, Livingstone. Basi zima, watu wasiojuana, wote jibu moja.

Wamepangwa vizuri. Siteremki.