Kitufe cha Thelathini

Idara ya Utii wa Wananchi, ambayo mimi ni Katibu wake, ina furaha kuutangazia umma kwamba utafiti wake wa hapa Malindi umekamilika kwa ufanisi usio na kifani.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Karani wetu, Ochola, aliketi chumba cha ndani akiulizwa maswali. Akikosea, mwananchi aliyeketi nje alitakiwa abonyeze kitufe ili Ochola apigwe na umeme, ukizidi nguvu kuanzia kitufe cha kwanza hadi cha thelathini. Umeme wenyewe haukuwepo. Ochola aliigiza mayowe tu, kama ilivyoelezwa katika ukurasa wa pili wa waraka wa utafiti, uliotiwa sahihi na Mkurugenzi.

Wa kwanza alikuwa Mama Kahonzi, muuza viazi vya karai. Kwenye kitufe cha tatu, Ochola akalia.

"Endelea, mama," nikamwamuru. "Utafiti unakuhitaji uendelee."

"Kwani kakosa nini?"

"Hajui mji mkuu wa Peru."

"Hata mimi siujui." Akainuka, akafungua mlango, akamtoa Ochola kwa mkono na kumpa viazi viwili. "Kula, mwanangu. Kazi nyingine utapata."

Walikuja wananchi arobaini. Wote walikataa kwa upole, ila mmoja aliyetaka kunipiga mimi.

Mkurugenzi wetu, Bwana Kambi, alifadhaika, maana ripoti ya kusema wananchi wanatii ilikwisha chapishwa. Mara akaingia mwanamke mmoja, Cherop, kitambulisho shingoni, karatasi mkononi. Mkurugenzi akadhani ni mkubwa kutoka Nairobi.

"Karibu, mheshimiwa. Mashine yafanya kazi. Tazama." Akabonyeza. Ochola akapiga yowe.

Cherop alikuwa akikagua ukuta. "Endelea tu na kazi yako, mzee."

Akaendelea. Kwenye kitufe cha kumi akageuka, jasho likimtiririka. "Mheshimiwa, huyu ana watoto."

"Endelea tu. Mimi sikawii."

Kwenye cha ishirini Ochola akanyamaza kimya. Mkurugenzi akabonyeza huku analia, mpaka cha thelathini. Ukurasa wa pili hakuwahi kuusoma. Pa kutia sahihi ni ukurasa wa kwanza.

"Mitungi yenu ya kuzimia moto imepitwa na wakati," Cherop akasema. "Tia sahihi hapa."

Akatia, bila kusoma.

Ripoti imerekebishwa. Utii upo Malindi: mtu mmoja kati ya arobaini na mmoja. Kwa ombi lake mwenyewe, Idara haitamtaja jina.